Lisemwalo Huenda Halipo

Usiku mmoja katika mji wa Madina, mlango wa Umar bin al-Khattab, sahaba wa Mtume Muhammad, uligongwa kwa nguvu. Aliyekuwa nje ni jirani yake, Ansari, yaani Mwislamu mwenyeji wa Madina, wa ukoo wa Bani Umayya bin Zayd, watu waliokaa upande wa juu wa mji. Wawili hao walikuwa na mpango wao: leo huyu anashuka kwenda kwa Mtume (s.a.w.), kesho yule, na aliyeshuka hurudi na habari za siku hiyo, wahyi ulioteremka na mengineyo. Siku zile kulikuwa na minong'ono kwamba Waghassani, Waarabu wa upande wa Syria, wanawapigilia farasi wao viatu vya chuma, wanajiandaa kuivamia Madina. Umar akatoka amefadhaika. Jirani akamwambia limetokea jambo kubwa. "Jambo gani? Waghassani wamekuja?" "La. Kubwa kuliko hilo. Mtume amewataliki wake zake."

Habari ile haikuwa kweli.

Kisa hiki kimo katika mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari, na msimulizi wake ni Umar mwenyewe, akimhadithia Ibn Abbas miaka mingi baadaye. Wasomaji wengi humtazama Umar. Macho yangu mimi humwendea yule jirani. Hakuwa mnafiki, hakuwa adui, wala hakutaka kumchoma mtu moyo. Alikuwa mwaminifu kiasi cha Umar kumwachia zamu ya kumletea habari za dini yake. Alikuja usiku ule kwa sababu aliona mwenzake ana haki ya kujua, maana Hafsa, mmoja wa wake hao, alikuwa binti wa Umar. Kwa kipimo chochote tunachompimia mtu mkweli, jirani yule alikuwa mkweli. Na mzigo alioubeba ulikuwa uzushi.

Tumezoea kuhesabu uongo kuwa kazi ya waongo. Yupo mzushi mahali fulani, ana nia mbaya, anatunga. Sisi wengine tunasoma na kupitisha tu, hatumo. Vizazi vya mwanzo vya Uislamu havikuanzia hapo vilipofikiri juu ya habari. Vilimwogopa mzushi, ndiyo, lakini kazi kubwa vilimfanyia mtu mwema mwenye haraka, kwa sababu vilijua mzushi peke yake hafiki mbali. Anahitaji kubebwa, na anayemfikisha mbali ni mtu anayeaminika.

Tuirudie habari yenyewe. Kilichotokea ni kwamba Mtume aliapa kukaa mbali na wake zake kwa mwezi, akapanda kwenye chumba cha juu akajitenga. Watu waliona kujitenga, wakasimulia talaka. Hakuna aliyetunga kitu. Kila mmoja aliziba pengo dogo kati ya alichokiona na alichodhani maana yake. Asubuhi Umar akaenda kwa Hafsa, akamkuta analia. Akamuuliza: amekutaliki? Hafsa akajibu: "Sijui." Mji mzima unajua kuwa mwanamke huyu kaachwa, na mwenyewe anayesemwa hajui!

Msikitini Umar akakuta watu wameketi karibu na mimbari, baadhi yao wanalia. Hakukaa nao akaongeza lake. Akaomba ruhusa ya kupanda kule juu, akanyamaziwa. Akaomba tena, kimya. Mara ya tatu alikuwa ameshageuka kuondoka alipoitwa. Akamkuta Mtume amejilaza juu ya mkeka usio na tandiko, alama za mkeka zimemwingia ubavuni. Akatoa salamu, na kabla hajaketi akauliza: "Umewataliki wake zako?" Mtume akainua macho, akasema: "La." Katika riwaya ya Muslim, mkusanyaji mwingine wa hadithi, Umar akaomba idhini ya kuwaambia watu, akasimama mlangoni mwa msikiti akatangaza kwa sauti yake yote kwamba hakuna talaka. Siku ya 29 Mtume akashuka, maana mwezi ule ulikuwa wa siku 29.

Riwaya hiyo inaihusisha siku ile na aya ya 83 ya Suratun Nisaa, inayowasema watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza, na lau wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wale wanaojua kuchimbua wangelijua ukweli wake. Neno la Kiarabu pale ni la kuchimba hadi maji yatoke. Umar alilichimba jambo hadi kwenye chemchemi yake, na kuchimba kwenyewe kulikuwa kuuliza swali moja mbele ya mtu mmoja.

Nalisema hili nikiwa si msafi. Mwaka jana nilimtangazia kifo mtu aliye hai. Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa amelazwa, na usiku binamu yangu akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Alhamdulillah, mzee ametoka." Nilikuwa nimechoka, macho yakasoma "ametutoka". Ile alhamdulillah sikuiona kabisa, au niliiona nikaifanya ni ya subira. Nikaipeleka kwenye kundi la pili, lile kubwa: "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raji'un, mzee wetu ametutoka." Silabi moja, "tu", na mtu aliyetoka hospitalini nikamtoa duniani. Rambirambi zilimiminika. Mmoja aliandika kumbukumbu ndefu ya utoto wao ambayo mpaka leo naamini ilikuwa ya kweli. Baada ya kama nusu saa simu ikaita; mzee mwenyewe. Hakufoka. Aliuliza tu: "Nani kakwambia?" Nikasema nimesoma. Akauliza: "Umesoma nini?"

Sikuwa na jibu, na swali lake halijaniacha, kwa sababu ni la kale. Muhammad bin Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria, anasimulia kwamba mwanzoni watu hawakuwa wakiuliza isnadi, yaani mnyororo wa waliopokea maneno mmoja kutoka kwa mwingine. Fitna ilipozuka na kuwagawa Waislamu, wakaanza kusema: "Tutajieni watu wenu." Nani kakwambia, na yeye kaambiwa na nani, hadi kwenye chanzo. Abdullah bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria, akaliweka wazi zaidi: isnadi ni sehemu ya dini, na lau si isnadi, angesema atakaye atakalo.

Watu wa leo hudhani isnadi ni pambo la vitabu, orodha ya majina ya kuruka ili ufike kwenye maneno. Kwao ilikuwa ndiyo bei ya maneno. Jabir bin Abdullah alisikia kwamba kuna hadithi moja iliyo kwa Abdullah bin Unays, ambaye alikuwa Sham, yaani Syria na jirani zake. Akanunua ngamia, akasafiri mwezi mzima, akagonga mlango, akaisikia kwa masikio yake. Hadithi moja! Sisemi tufunge safari kwa kila ujumbe unaotufikia. Nasema tu kwamba aliyeulipia ukweli mwezi mmoja wa jua na vumbi angetushangaa, sisi ambao kupiga simu ya dakika mbili tunaona ni usumbufu.

Sasa tazama alama inayoonekana juu ya ujumbe uliopitia mikono mingi kwenye WhatsApp, ile inayosema umesambazwa mara nyingi. Ni isnadi iliyopinduliwa: inakwambia idadi ya mikono, inaficha kila jina. Kampuni yenyewe iliona hatari yake. Mwaka 2018, baada ya uvumi kuhusu wateka watoto kusababisha watu kuuawa na makundi nchini India, iliweka kikomo cha kusambaza huko. Mwaka 2019 ikaweka kikomo cha makundi au watu watano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukabanwa hadi mmoja mmoja. Ni hatua nzuri. Ila kidole kikipunguziwa kasi, bado hakijafundishwa kuuliza.

Na tukiuliza, tunajibiwa nini? "Nimeipata kwa daktari mmoja." "Ndugu yake rafiki yangu anafanya kazi hukohuko ndani." Katika elimu ya hadithi mtu wa namna hii ana jina lake: majhuli, asiyejulikana. Mnyororo ukiwa na pete moja ya majhuli, unadhoofika wote, hata pete nyingine ziwe za dhahabu. Huyu "daktari mmoja" wetu amekuwa mpokezi mashuhuri kuliko wote wa zama hizi, ana riwaya za kila maradhi, na hakuna aliyewahi kumwona.

Pale ambapo wanachuoni wa mwanzo wananivutia zaidi ni walipowageukia wacha Mungu. Ni rahisi kumkataa mlevi au mla rushwa. Yahya bin Sa'id al-Qattan, mhakiki wa Basra aliyefariki mwaka 198 Hijria, alisema hakuwaona watu wema wakisema uongo katika jambo lolote kuliko katika hadithi. Imam Muslim aliyanukuu maneno hayo katika utangulizi wa kitabu chake, kisha akayafafanua, kana kwamba aliogopa yataeleweka vibaya: uongo hupita kwenye ndimi zao bila ya wao kuukusudia. Katika utangulizi huohuo mwanachuoni Abu al-Zinad anasema aliwakuta Madina watu 100, wote waaminifu, na hadithi haipokewi kwao. Husemwa, huyu si mtu wa kazi hii.

Watu 100 waaminifu! Kwa lugha yetu ya leo, hao ni wale unaowapa ufunguo wa nyumba yako ukisafiri. Shehe wa mtaani, mama mlezi wa kila mtu, mwalimu mstaafu. Mtu wa namna hii akikutumia dawa ya kumaliza sukari kwa siku saba, moyo unakwambia: huyu hawezi kunidanganya. Na ni kweli hawezi. Lakini swali la Abu al-Zinad halikuwa kama anaweza kukudanganya. Lilikuwa kama anayajua anayoyabeba. Uaminifu na ujuzi ni mizani mbili, na sisi tunaipima dawa kwenye mizani ya uaminifu kisha tunashangaa.

Wapo pia waliokusudia, na hao huenda ndio wa kusikitisha zaidi. Imenukuliwa kwamba Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw, alitunga hadithi za fadhila za kila sura kwa sababu aliona watu wameipa Qur'ani kisogo, akataka kuwarudisha. Alikuwa akiitwa al-Jami', mkusanyaji, kwa wingi wa fani alizozikusanya. Ibn Hibban, mhakiki wa hadithi, akasema amekusanya kila kitu isipokuwa ukweli. Kila nikipokea ujumbe unaonitaka niutume kwa watu kumi kabla jua halijazama ili nipate heri, kadhi huyu hunijia akilini.

Mtu anaweza kusema: mbona aya ya sita ya Suratul Hujurat inamtaja fasiki? Akija fasiki na habari, ichunguzeni, msije mkawadhuru watu kwa kutojua. Kwa hiyo akija mtu mwema nimwamini tu. Hoja ina uzito, na katika mambo madogo ya kila siku ndivyo tunavyoishi, hatuwezi kumdai kila mtu shahidi. Lakini tazama jinsi Umar, aliyewahi kugongewa mlango usiku, alivyofanya alipokuwa khalifa. Abu Musa al-Ash'ari alikuja mlangoni pake, akaomba ruhusa mara tatu, hakujibiwa, akaondoka. Umar akamrudisha, akamuuliza kwa nini ameondoka. Abu Musa akasema amemsikia Mtume akifundisha hivyo: omba ruhusa mara tatu, usipopewa rudi. Umar akasema, lete shahidi.

Abu Musa hakuwa fasiki. Alikuwa sahaba, msomaji wa Qur'ani aliyesifiwa sauti. Akawaendea Ansari waliokuwa wameketi, hofu imemjaa usoni. Wakamwambia hatakwenda nawe ila mdogo wetu, wakimaanisha jambo hili hata kijana wao analijua, akainuka Abu Sa'id al-Khudri akashuhudia. Ubayy bin Ka'b, sahaba mwingine, alimlaumu Umar kwa ukali ule. Jibu la Umar lilikuwa kwamba alisikia jambo akapenda kulithibitisha tu, na imepokewa pia kwamba alimwambia Abu Musa: sikukutuhumu. Kisha akakiri, na hili ndilo nalipenda, kwamba hadithi ile ilimpita kwa sababu biashara za sokoni zilimshughulisha.

Kuna tabia mbili hapa ambazo kwetu zimekuwa adimu kukutana kwa mtu mmoja. Ya kwanza, kuuliza bila kutuhumu. Siku hizi ukimwambia mtu "umeipata wapi?" ananuna, anaona umemwita mwongo, na kundi zima linakutazama kama mvunja sherehe. Ya pili, mkubwa kusema mbele ya wadogo kwamba hakujua, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: alikuwa anauza na kununua. Imam Malik wa Madina, inasimuliwa, aliulizwa maswali 48 akajibu 32 kati yake kwa kusema "sijui". Hafsa naye alisema "sijui" asubuhi ile. Neno hili ni fupi na halina gharama, lakini litafute kwenye mjadala wowote wa mtandaoni uone utalikuta mara ngapi.

Waswahili tuna methali inayofanya kazi kinyume na haya yote: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naifahamu hekima yake, ya kumtahadharisha mtu asipuuze fununu. Ila nimeisikia ikitumiwa mara nyingi zaidi kama hukumu. Msichana anasemwa, hakuna ushahidi, anatokea mtu mzima anakohoa anaitoa methali hiyo, kesi imefungwa. Na ile sehemu ya pili, "kama halipo laja", ni mtego mkamilifu, kwa sababu haiwezi kukanushwa. Aliyesingiziwa leo anaambiwa asubiri tu, litamfikia. Mbele yake iweke hadithi iliyo katika utangulizi huohuo wa Muslim: yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachokisikia. Huyu hakutunga kitu. Alichofanya ni kusikia na kusimulia bila kuchuja, na bado kaitwa mwongo, kwa hesabu nyepesi kwamba anayesikia yote husikia na ya uongo.

Hesabu hiyo imepata ushahidi wake wa kisasa. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa chuo cha MIT, Marekani. Walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizozunguka Twitter kati ya 2006 na 2017, zikipitishwa na watu wapatao milioni 3. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa upya uliozidi wa kweli kwa asilimia 70. Walipoziondoa akaunti zinazoendeshwa na roboti, picha haikubadilika. Ni sisi wenyewe. Watafiti walitaja upya wa habari za uongo kuwa moja ya sababu: zinashtua, hazijawahi kusikika. Jirani wa Umar angewaelewa. Aliulizwa kama Waghassani wamevamia, akasema, kubwa kuliko hilo.

Tukishathibitisha je, tumemaliza? Nilidhani hivyo zamani. Lakini kusengenya, kwa maana iliyopokewa na Muslim, ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, hata likiwa kweli. Likiwa uongo, hilo ni kumzulia, dhambi nyingine. Inasimuliwa kwamba mtu alimwendea khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala mwaka 99 hadi 101 Hijria, akamsimulia habari za mtu mwingine. Khalifa akamwambia: ukipenda tutalichunguza jambo lako. Ukiwa mwongo, wewe ni wa aya ya fasiki aliyekuja na habari. Ukiwa mkweli, wewe ni wa aya ya mtapitapi, apitaye akifitini. Na ukipenda tutakusamehe. Yule mtu akaomba msamaha. Mtego wake ulikuwa na milango miwili na yote ilikuwa imefungwa.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito, maana nimeona hadithi za kusitiri zikigeuzwa gundi ya kumziba mdomo aliyeumizwa. Mke anapigwa, anaambiwa asiitoe siri ya nyumba. Mfanyakazi anadhulumiwa mshahara, anaambiwa anasengenya. Mtoto anasema alichofanyiwa na mtu mzima mwenye heshima zake, anaambiwa amsitiri Mwislamu mwenzake. Huko ni kuipindua dini. Aya ya 148 ya Suratun Nisaa inasema Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, ila kwa aliyedhulumiwa. Hind bint Utba alimshtaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume kuwa ni bahili. Hakukemewa kwa kumsema mumewe, aliambiwa achukue kwa wema kinachomtosha yeye na wanawe. Fatima bint Qays alitaka ushauri kuhusu wachumba, akaambiwa bila kuzungusha: Mu'awiya hana mali, na Abu Jahm fimbo yake haishuki begani. Suratul Mujadila yenyewe inafunguka kwa malalamiko ya mwanamke dhidi ya mumewe, yaliyosikiwa kutoka juu ya mbingu saba.

Hata wahakiki wa hadithi waliishi kwa kuwasema watu: huyu mwongo, huyu kumbukumbu yake imechakaa. Shu'ba bin al-Hajjaj, mmoja wa wa mwanzo katika kazi hiyo, imepokewa kwamba aliwaita wenzake kwa utani: njooni tusengenye saa moja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Tofauti yao na kundi letu la usiku ni kwamba walikuwa na anayelindwa. Hind alikuwa na watoto wa kulisha, Fatima alikuwa na ndoa ya kuamua. Ukinitumia habari za mtu, niambie ni nani ataokoka kwa mimi kuzijua. Kama hayupo, umeniletea burudani na umeipaka rangi ya tahadhari.

Kisa kikubwa kuliko vyote katika mlango huu ni cha Ifki, uzushi dhidi ya Bibi Aisha, mke wa Mtume. Alibaki nyuma ya msafara akitafuta kidani chake kilichopotea, Safwan bin al-Mu'attal akamkuta, akampandisha ngamia, akamwongoza hadi kwenye jeshi. Hayo tu. Mnafiki Abdullah bin Ubayy akaupuliza moto. Lakini wapokezi wanapotaja waliochapwa viboko kwa kusingizia, majina yanayokuja ni ya Mistah bin Uthatha, aliyepigana vita vya Badri. Hassan bin Thabit, mshairi aliyemtetea Mtume kwa ulimi wake. Na Hamna bint Jahsh, shemeji yake Mtume. Mzushi alipuliza, wema wakabeba. Suratun Nur inawaambia: mlipoipokea kwa ndimi zenu. Habari hupokewa kwa masikio. Hawa ulimi uliwahi kabla ya sikio, kana kwamba neno lilitoka kwa huyu likaingia kinywani mwa yule bila kupita kichwani. Na mkalidhani dogo, aya inaendelea, nalo mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa.

Aisha alikuwa mgonjwa karibu mwezi mzima hajui anasemwa. Alikuja kujua usiku mmoja, Umm Mistah alipojikwaa kwenye nguo yake akamwapiza mwanawe mwenyewe. Nyumba nyingine mjini zilikuwa na mazungumzo tofauti. Umm Ayyub alimuuliza mumewe, Abu Ayyub al-Ansari, kama amesikia wanayoyasema watu juu ya Aisha. Akasema ndiyo, na ni uongo. Kisha akamgeuzia swali: wewe Umm Ayyub ungeweza kufanya jambo hilo? Akasema, wallahi nisingefanya. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Hakuwa na ushahidi wowote. Alianzia kwa mtu anayemjua ndani ya nyumba yake, akamdhania mwenzake mema yaleyale.

Nao walioudhika waliudhika hasa. Abubakar, baba yake Aisha, alikuwa akimlisha Mistah kwa ajili ya udugu na umaskini wake, akaapa hatampa tena kitu. Iliposhuka aya ya kuwataka wenye uwezo wasamehe, akasema kwamba naam, anapenda Mwenyezi Mungu amsamehe, akamrudishia posho yake.

Na yuko Zaynab bint Jahsh, dada yake Hamna. Alikuwa mke mwenza, na Aisha mwenyewe anasema kati ya wake wote wa Mtume, Zaynab ndiye aliyekuwa akishindana naye. Mtume akamuuliza anajua nini au ameona nini. Sentensi moja tu ingetosha, hata kunyamaza kwa namna fulani kungetosha. Zaynab akasema: "Nayalinda masikio yangu na macho yangu. Wallahi sijui kwake ila heri." Maneno haya tumeyapata kwa Aisha, yeye ndiye mpokezi wake. Anaongeza kwamba ucha Mungu ulimlinda Zaynab, na kwamba Hamna alibaki akimpigania dada yake, akaangamia pamoja na walioangamia.